Miaka Kumi ya Ziada

Mushagalusa alikuwa na miaka hamsini na mitano, lakini karatasi zake zilisema sitini na mitano. Kwa muda mrefu tofauti hiyo haikumdhuru. Katika kona ya soko la Owino wanakokaa mafundi wa kufumua makoti ya mitumba na kuyashona upya, kila mtu alimwita Mzee. Akina mama wa mboga walimpisha njia, na wateja waliona haya kubishana naye bei mpaka mwisho. Mvi zilimwota mapema, kama zilivyomwota baba yake kule Walungu, Kongo, nazo zikashuhudia uongo kwa uaminifu.

Uongo wenyewe ulikuwa wa mkewe, Benedicte. Mwaka 2008 walipoingia Kampala wakiikimbia vita ya Kongo, walipanga foleni ya kuandikishwa ukimbizi. Maneno yakapita mdomo kwa mdomo kwamba wanaume vijana wanahojiwa kwa siku nyingi, kwa kuwa yeyote mwenye nguvu ya kubeba bunduki hushukiwa kuwa aliwahi kuibeba. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Mushagalusa alikuwa na miaka thelathini na minane na mabega ya mtu wa jembe. Benedicte akamsogelea sikioni. "Sema arobaini na minane. Na uiname kidogo." Akainama. Karani akaandika tarehe mosi Januari, 1960, bila hata kuinua uso.

Miaka kumi na saba ilipita kabla ya mtu yeyote kuudai umri huo.

Aliyekuja kuudai ni Docus, wakala wa bima ya afya, msichana mpole wa Kiganda mwenye viatu vya kufungwa na kabrasha kifuani. Ndiye aliyewauzia kadi mwaka 2019, baada ya ibada, wote wawili wakiwa wazima. Mushagalusa aliandikwa mwenye kadi, Benedicte akaandikwa chini yake. Miaka mitatu baadaye moyo wa Benedicte ulianza kupanuka, miguu ikavimba, pumzi ikakatika kwenye ngazi nne za mlango wao Katwe. Tangu hapo kadi ile ndiyo iliyompeleka kliniki ya Mengo kila mwezi, na ndiyo iliyomrudisha na aina tatu za vidonge.

"Mzee, bambi, tafadhali usinikasirikie," Docus alisema, akikaa kwenye kigoda cha wateja. "Ada imepanda."

"Inapanda kila mwaka, binti yangu. Kwani sukari haipandi?"

"Hii imepanda na miguu yote miwili." Akamwonyesha barua. Mwaka uliopita walilipa milioni moja na laki sita. Mwaka huu, milioni nne na laki moja, zote kwa mkupuo, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. "Sio mimi, ni kompyuta. Umemariza sitini na nne. Mwenye kadi akifika sitini na tano anahama daraja."

Mushagalusa akaweka mkasi chini. Akacheka, kicheko cha mtu aliyepata mwanya.

"Basi kompyuta yenu itulie. Mimi nina hamsini na mitano."

Docus naye akacheka, kwa adabu, kama anavyochekewa mzee anayejisifu kwamba bado ana meno. Alipoona mwenzake hacheki tena, akaitazama barua upya.

"Una karatasi ya kuonyesha?"

Karatasi aliyokuwa nayo ni ile ile moja.

"Na nikimweka mke wangu awe mwenye kadi? Yeye hajafika huko."

"Ataanza upya, mzee, kama mteja mpya. Na mteja mpya mwenye moyo mgonjwa…" Alifungua kabrasha, akalifunga. "Wewe peke yako unaweza kubaki. Wewe huumwi. Peke yako ni kidogo."

"Mimi peke yangu niwe na bima ya nini?"

Docus aliinuka. Aliacha barua juu ya koti la kijivu, akaaga kwa magoti kama Waganda wanavyowaaga wakubwa.

Okwera alikuwa amesikia yote. Alikuwa Mwacholi, mwanajeshi mstaafu aliyelinda maduka ya upande ule, na alizungumza Kiswahili cha kambini, kilichopigwa pasi hadi kila sentensi ikasimama wima.

"Fundi, wewe ni raia wa ajabu," alisema. "Jeshini sisi tunapunguza miaka. Mimi nilipunguza mitano ili waniandike. Wewe umeongeza kumi! Ungenipa mitano yako, mimi ningekuwa sawa na wewe ungepungukiwa mzigo."

"Nipe akili, afande, utani baadaye."

"Akili yangu ni moja. Usiwaambie uliwadanganya. Ukikiri la kwanza, watakutafutia la pili."

Asubuhi iliyofuata Mushagalusa alikwenda ofisi ya wakimbizi hata hivyo. Alivaa koti lake zuri, akasubiri hadi saa saba mchana. Karani aliyempokea hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza mara mbili kama amesikia vizuri: mtu anataka kupunguziwa umri?

"Inawezekana," alisema. "Unaapa kwa wakili, unaleta mashahidi wawili, tunafungua faili upya na unahojiwa kuanzia mwanzo. Wewe na mkeo. Kadi zenu zinabaki hapa mpaka tumalize."

"Ni siku ngapi?"

"Siku?" Karani alimtazama kwa huruma. "Mzee, hesabu miezi. Mwingine anamaliza mwaka."

Bila kadi ya ukimbizi hospitali isingemtambua Benedicte, na bima pia isingemtambua. Mushagalusa alisimama pale akilipima jambo kama anavyopima kitambaa pungufu, akiligeuza huku na huku. Kila alipotosheleza kifua, mgongo ulikosa.

"Nikupe fomu?" karani aliuliza.

"Ngoja kwanza nimuulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba, Benedicte, alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa, akichambua dagaa. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Hakuna kwenda kufungua faili," alisema.

"Mama Tresor, ni kusema ukweli tu."

"Ukweli gani? Kwamba ulikuwa na thelathini na minane, una nguvu, ukasema una arobaini na minane? Watauliza ulikuwa unaficha nini. Utawaambia ulikuwa unamtii mke wako?" Akatupa kichwa cha dagaa. "Mie ndiye nilikuzeesha, Papa Tresor. Niache nile nilichopika."

"Tumwambie Tresor."

"Tresor analima mahindi ya kambi kule Nakivale. Utamwambia auze nini? Mvua?"

Mushagalusa alizunguka wiki mbili akitafuta pesa. Kikundi cha kanisa kilimpa kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa kimeshapita kwenye misiba miwili mwezi ule. Mwenye duka la makoti alimpa pole. Alishona mpaka vidole vikavimba, na alipojumlisha yote hayakufika hata milioni moja. Docus alipiga simu Jumatano kumkumbusha, kisha akapiga tena, akasema amemwomba bosi wake, na bosi amemwambia bima si sadaka.

Alhamisi walikwenda kliniki kwa mara ya mwisho. Daktari, alipoelewa kwamba kadi inakufa kesho yake, aliandika dawa za miezi mitatu. Dirishani mtoa dawa akaangalia kadi, akaangalia skrini, akasema mfumo unaruhusu mwezi mmoja tu. Benedicte alimshukuru. "Aksanti, mwanangu," alisema, kana kwamba amepewa vyote.

Ijumaa ilipita kama siku nyingine yoyote. Simu haikulia.

Jumapili baada ya chai Benedicte alimwaga vidonge vya ule mwezi mmoja juu ya sahani ya bati, akaleta wembe wa kufumulia mishono ili vifike miezi miwili. Alipobonyeza wembe, kidonge cha kwanza kikaruka sakafuni.

"Lete," mumewe alisema. "Mkono wako haujanyooka."

Vile vyeupe vilikuwa na mstari katikati, vikakatika sawasawa. Vile vya njano havikuwa na mstari. Alivikata polepole, pumzi ameibana, kama anayekata kola ya hariri, lakini kila kimoja kilitoa nusu kubwa, nusu ndogo, na unga. Alijaribu kuvilinganisha akashindwa. Benedicte alilowesha kidole, akauokota ule unga, akaulamba.

"Kubwa nile siku gani?" aliuliza.

"Siku ukijisikia vibaya."

"Basi zote ni kubwa."

Mushagalusa alipangusa wembe. Alivuta sahani karibu na mlango, kwenye mwanga, akakata kingine.