Aliyeitikia Salamu Magofuni

Haikuwa usiku. Naanza hapo kwa sababu kila ninayemsimulia hunikatiza: taa zilikuwapo? Mwezi je? Labda uliona kivuli cha mti? Hapana. Lilikuwa jua la adhuhuri, mjini Ibra, jua linaloonyesha hata mistari ya viganja vyako, na nilikuwa nimekuja na basi zima la wageni. Kataa kuniamini ukitaka, lakini usiniambie kwamba sikuona vizuri.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Meli kubwa za watalii zikifunga gati Maskat, mimi huwa nimeshafika bandarini, bango mkononi, baibui limepigwa pasi, tabasamu tayari. Wageni hukaa nchi kavu mchana mmoja tu, jioni meli inaondoka nao, kwa hiyo lazima wachague. Wanaotaka mambo ya kale huwa tunawapa magofu ya aina mbili. Kuna Tanuf, karibu na Nizwa, chini ya mlima, kuta za udongo zilizosimama bila mapaa na bonde la maji nyuma yake. Na kuna mtaa mkongwe wa Ibra, majumba ya ghorofa ya matajiri wa zamani. Wengi wa wenye majumba yale walihamia Unguja wakafia huko. Wajukuu waliporudi walikuta dari imelala sebuleni.

Mimi siku zote niliwauzia Tanuf. Niliwaambia kuna kivuli, kuna maji, na wakitoka hapo watapita soko la Nizwa wanunue mitungi. Sikuwaambia sababu yangu ya kweli. Ibra ndiko kwetu, na ndani ya magofu yale ndimo alimokutwa kaka yangu Nassor.

Nassor alikuwa dereva wa kambi moja ya jangwani huko Al Mintirib, akipandisha watalii matuta ya mchanga. Alikuwa mtu wa kicheko, shati haliishi mchanga mifukoni. Kila akirudi nyumbani aliteremkia barabara kuu akakata njia kwa miguu katikati ya magofu. Siku moja hakutokeza upande wa pili. Alikutwa amekaa, mgongo ukutani, macho wazi, hana jeraha. Hospitali walisema ni moyo. Nikakubali. Mimi nimesoma, na moyo ni kitu ninachoweza kukielewa.

Mama hakukubali. Walipomfunua uso ili amuage, aliweka kiganja juu ya paji lake, akakiacha hapo kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu siye. Hili gogo."

Shangazi zangu wakamshika mikono. Uchungu huo, walisema. Lakini hitma ilipopita na watu wakatawanyika, Mama alinikalisha jikoni akanieleza. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa huku bado mtoto, na aliyoyasikia kwa bibi yake hayajamtoka. Wachawi humchukua mtu mzima mzima wakamfanyisha kazi, na ninyi mnazika kitu chenye sura yake. Wenyeji wa hapa humwita mtu huyo mghayabu, aliyefichwa. Mama humwita msukule.

"Kwetu huacha mgomba," alisema. "Hapa watakuwa wameacha mtende."

"Mama, astaghfirullah."

"Wewe sikiliza tu, kucheka utacheka baadaye. Ukimwona, chumvi kwanza. Mtie mdomoni, au mrushie tu imguse. Kisha umwite kwa jina lake na langu, atazinduka. Lakini kabla ya chumvi usimsemeze hata neno. Ukimsemeza akajibu, amejibu akiwa kwao. Amekubali kuwa ni mtu wa huko. Hatoki tena."

Akafunga chumvi ya mawe katika kitambaa akaitia mkobani mwangu. Sikucheka. Wala sikuamini. Niliiacha humo kwa sababu kila Ijumaa alikuwa akipekua mkoba kuangalia kama bado ipo. Na kila jioni aliweka sahani moja zaidi mkekani, akaifunika kawa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Msimu wa meli ulikuwa unakaribia kwisha, joto limeshaanza kukaza. Wageni wamepanda basi, nimeshika kipaza sauti, nawasifia Tanuf mpaka koo linanikauka. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo, mwalimu mstaafu, amevaa kofia ya manjano pana kama ungo. Akanyoosha mkono.

"Wewe mwenyewe kwenu wapi, binti?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ibra."

"Basi tupeleke kwenu. Tangu lini mtu akawaficha wageni kwao?"

Wakacheka, wakapiga makofi, mikono ikanyooka mpaka viti vya nyuma. Walifanya kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka: walidhani wananipa heshima.

Dereva wetu alikuwa Ami Hafidh, mzee wa huku kwetu Sharqiyah aliyekulia Ng'ambo, Unguja. Anaendesha basi kama anayebeba mayai. Aliniangalia kwenye kioo.

"Umewauzia Tanuf kama halwa," akasema kwa Kiswahili, "wenzako wakanunua Ibra."

"Ningefanyaje, Ami?"

"Ukiulizwa kwenu, sema Maskat. Hakuna mtu aliyewahi kuomba kupelekwa Maskat ilhali tayari yupo."

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Tulifika jua likiwa utosini. Ami Hafidh akaenda kuswali kwenye msikiti wa chini mitendeni. Wageni wakatawanyika wakipiga picha milango ya nakshi na madirisha yasiyo na vyumba nyuma yake. Mimi nilibaki karibu na basi, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, nikijiambia nusu saa tu, tutaondoka. Nilipowakusanya, kofia ya manjano haikuonekana. Nikaingia kumtafuta.

Umewahi kuingia katika nyumba iliyokufa mchana? Usiku mtu unategemea kuogopa, umejiandaa. Mchana huna habari. Nilipita ukumbi wa kwanza, kifusi, mavi ya mbuzi. Ukumbi wa pili, mbao za dari zimeinama. Kisha nikasikia sauti: pa, pa, pa. Kiganja na udongo mbichi. Harufu yake ikanifikia, ile harufu nzuri ya udongo uliochanganywa na majani makavu, na mle ndani hapana mtu aliyejenga tangu babu zetu.

Nikachungulia mlangoni. Mwanamume alikuwa amenipa mgongo, karai la udongo miguuni, anakandika ukuta kwa mikono. Kofia kichwani, kanzu imeganda matope mpaka kiunoni. Nikawaza, wamekuja mafundi wa kukarabati, afadhali. Ukuta wenyewe ulikuwa unamomonyoka kwa chini kadiri alivyoukandika juu. Hakuuangalia. Anachota, anapaka, anachota, anapaka.

Kisha akageuka kuchota.

Alikuwa Nassor. Amekonda, midomo imepasuka, udongo umekaukia kwenye nyusi, lakini Nassor, na lile bega la kushoto lililokaa juu kidogo tangu alipoanguka kwenye ngamia utotoni. Macho yake yalinipita kama yanavyoupita ukuta.

Naapa kwa Mungu, mkono wangu ulijua la kufanya. Ulikuwa umeshaingia mkobani. Vidole vilikuwa juu ya fundo la chumvi, ninalihisi, gumu, punje zikisagana ndani ya kitambaa. Nilikuwa na kila kitu. Hatua chache tu kati yetu. Ningerusha tu.

Lakini lazima ujue nilivyolelewa. Katika nyumba yetu mtoto hakupewa mkate kabla ya kuamkia. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikaa mlangoni mwa jiko na bakora yake ya mtende. Huamkii, hupiti. Wakubwa wote, hata kaka aliyekutangulia kuzaliwa. Wenzangu wa shule, Waarabu wa hapa hapa, walinicheka: kwao kaka ni kaka tu, unampita. Mimi goti lilikuwa likijipinda lenyewe. Nimemwamkia Nassor kila asubuhi ya maisha yangu. Kwenye simu nimemwamkia. Siku tuliyogombana nikaapa simsemeshi tena, nilimwamkia kwanza ndipo nikamnunia.

Goti likajipinda.

"Shikamoo, kaka."

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba ni mimi. Mikono yake ikasimama hewani. Udongo ukadondoka kutoka kwenye vidole vyake, tone baada ya tone. Nilitamani asijibu. Nilisema moyoni, Ewe Mola, mfanye kiziwi.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa sauti yake ileile, bila kitisho, ya mtu anayekuitikia kutoka chumba cha nyuma huku ana shughuli. Akainama, akabeba karai begani, akapita mlango wa pili. Nikakimbia, nikarusha chumvi yote, nikaita, "Nassor! Nassor mwana wa Zuwena!" Nikafika mlangoni. Ng'ambo ya mlango hapakuwa na chumba. Sakafu ilikuwa imeshaporomoka zamani, na chini kabisa niliona mitende na paa la msikiti.

Nyuma yangu simu ikalia sauti ya kupiga picha, kama ilivyokuwa imelia niliporusha chumvi. Mama wa kofia ya manjano alikuwa amesimama kizingitini na wenzake wawili.

"Ile chumvi ni ya mila gani?" akauliza kwa upole. "Na yule fundi, mnajuana?"

Ungemjibu nini?

"Ni kaka yangu," nikasema.

"Ah," akatabasamu. "Kumbe anafanya kazi hapa."

Ami Hafidh alinitazama mara moja tu nilipotoka, akafungua mlango wa basi. "Panda, mwanangu." Aliwasha redio, akaizima. Meli haingoji mtu, na wageni wale nilikuwa nimewapokea mimi, kwa hiyo nikawarudisha mmoja mmoja mpaka ngazini, nikawapungia mkono, nikiwa na udongo wa Ibra kwenye viatu.

Picha aliyoipiga yule mama ilinifikia kwenye simu kabla meli haijaondoka. Nilirudi Ibra nikamkuta Mama anapika. Nilikuwa nimejiambia sitamwonyesha, lakini nilipouona mkeka na ile sahani iliyofunikwa kawa, nikampa simu. Ndani ya picha ninaonekana nimenyoosha mkono, na mbele yangu mgongo wa mtu anayetoka mlangoni. Mgongo unaweza kuwa wa yeyote, sivyo? Hata mimi nilijaribu kusema hivyo. Mama alivuta picha kwa vidole mpaka ikabaki kofia ya yule mtu peke yake. Kofia ya viua, ya kushonwa kwa mkono, upande wa nyuma vitundu havijazibwa uzi.

"Alininyang'anya kabla sijaimaliza," akasema. "Idi ilikuwa kesho yake." Kofia hiyo hatukuipata siku alipokutwa. Tulitafuta kila mahali.

Akaniuliza, "Chumvi ulimpa?"

"Nilirusha. Alikuwa ameshageuka."

"Ulianza na nini?"

Chungu kilikuwa kinachemka. Nilikitazama chungu.

"Nilimwamkia, Mama."

"Akaitikia?"

"Akaitikia."

Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Mwisho akanyoosha mkono akazima jiko.

"Nilikulea vizuri mno," akasema.

Kesho yake tulikwenda wote wawili. Ule ukuta ulikuwa mkavu, wa zamani, hauna alama ya kiganja. Chini, sisimizi walikuwa wameizunguka chumvi yangu wasiiguse. Mama bado huenda. Akitoka huenda na mkate wa kumimina na dagaa wa chumvi, akirudi sahani imejaa, anawapa paka. Ile sahani ya jioni haiweki tena mkekani. Nimeacha kupeleka wageni Ibra, nimewaambia wakubwa zangu kuta si salama, nao wamempa mwingine njia ile. Wageni wanaipenda sana. Wanasema ina uhai.

Na mimi siamkii tena papo hapo. Shangazi zangu wanasema kazi ya bandarini imenipa kiburi. Nikikutana na mtu mzima namshika mkono kwanza, nahisi joto lake, nahisi mshipa unapiga, ndipo nafungua mdomo. Hata Mama, kila asubuhi, hunyoosha kiganja kimya, nakishika, ndipo ninasema shikamoo.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, ukiteremka melini siku moja ukaulizwa magofu gani unataka, usimwambie mwenyeji akupeleke kwao. Mwache akuchagulie. Ana sababu zake. Na wewe mwenzangu uliyelelewa kama mimi, ukimkuta mpendwa wako mahali ambapo hastahili kuwapo, uma ulimi. Uung'ate mpaka utoke damu. Adabu utamfanyia akisharudi nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu haijaisha. Kuna michana, jua likiwa utosini, tumekaa tunakula hatuzungumzi, mimi na Mama peke yetu, sauti hupita nyuma ya ukuta wa jiko, ya mtu aliyechoka, mwenye shughuli. "Marahaba," inasema. Na ndani humu hakuna aliyeamkia.