Tajiri Alipotaka Kuuona Moshi Mwenyewe

Wasomaji, mkiona herufi zangu zinapanda na kushuka, au neno limekosewa, mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu.

Naendesha gari la tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa hapa Busia. Ni gari la kabla ya vita vya pili vya dunia, na linakunywa oili kama ng'ombe mtoni. Safari moja ya Malaba, ukirudi na kuchomoa kijiti cha kupimia, kimekauka. Tajiri akaamini kwamba naifyonza na kuwauzia madereva wa malori mpakani.

"Kijana, oili yangu unaipikia mboga?" aliniuliza mbele ya wateja.

Mimi nina haya. Nilitazama viatu vyangu, na watu wakajua mwizi amekiri.

"Ijumaa ikifika sijajua inakokwenda, utaniachia funguo," akasema.

Ijumaa asubuhi tukaenda kwa fundi. Gari lilikuwa limelala kwake, ametandika gazeti chini ya injini. Gazeti lilikuwa safi.

"Haivuji," fundi akasema. "Basi inaungua. Mzee, hujaona moshi?"

"Nakaa ndani kila siku. Sijaona moshi wowote."

Ni kweli. Moshi ulikuwa nyuma, yeye mbele. Watu wa soko la Matayos walipokohoa na kupepea mikono tukipita, yeye alidhani ni salamu, akawapungia.

Fundi akaniambia niwashe injini, niiache ingurume polepole, kisha akiniamuru nikanyage kwa nguvu. Kama valvu, vile vizibo vidogo vya ndani ya injini, zimelegea, oili itajikusanya ndani, halafu itatoka yote kwa moshi wa buluu. Akaomba kitambaa cheupe akishike kwenye bomba la moshi.

"Kitambaa kina macho?" tajiri akasema. "Nitatazama mwenyewe."

Akainama nyuma ya bomba, na kanzu yake nyeupe ya kwendea msikitini. Nikamwona kwenye kioo. Nilitaka kusema, "Tajiri, sogea kidogo," lakini maneno yalifika kooni yakaona aibu, yakarudi.

"Kanyaga!" fundi akapiga kelele.

Nikakanyaga.

Moshi ulipopungua, tajiri alikuwa na madoadoa kuanzia kofia mpaka miguuni. Utingo mmoja aliyekuwa akipita akasimama. "Mzee, umekuwa kanga! Bado kutaga tu!"

Tajiri akapangusa macho. "Fundi, ni rangi gani?"

"Buluu, mzee. Ni valvu."

Akanigeukia. "Na wewe, mbona hukuniambia nisogee?"

Nikatazama viatu.

Tajiri akakung'uta kofia yake. "Mtu anayeshindwa kusema 'sogea'," akasema, "atapatanaje bei na madereva wa malori?"

Basi funguo zikabaki kwangu, na kanzu nikapewa niifue. Nimejaribu sabuni, ndimu na majivu, doa halisikii. Anayejua dawa yake, tafadhali aniandikie upesi. Tajiri amebaki na kanzu moja, valvu mpya hazijafika, na bado anapenda kutazama mwenyewe.