Maadamu Unatoka

Kariakoo hakuna mtu anayetembea bure. Kila unayemwona njiani ama anauza, ama ananunua, ama kabebeshwa, ama katumwa. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha hakulijua hilo, kwa sababu alikuwa akikaa mbali, kwenye mitaa yenye miti na njia za waenda kwa miguu, na ndiyo maana aliweza kuniambia kwa upole kabisa, "Kila jioni toka, utembee kidogo. Usiwe na pa kwenda. Tembea tu, akili ipoe."

Nilikuwa kidato cha nne na nilikuwa nimekimbia mtihani. Sisemi nilifeli, nasema nilikimbia. Kwenye moko ya Hesabu, ule mtihani wa majaribio, karatasi ilipogeuzwa tu, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma kushuka chini ya koo. Nikainuka, nikapita katikati ya madawati hadi getini. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na ule ukitoka ndiyo umetoka, hakuna wa kukuita urudi. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba nitatoka tena.

Basi nikaamua kutembea. Nikavaa baibui, nikachukua ufunguo. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Unaenda wapi?"

"Natembea tu."

"Natembea tu wapi?"

"Popote, mama. Mwalimu kasema."

Akanikagua kuanzia ushungi mpaka ndala, akitafuta dalili za kijana wa watu. Hakuziona. "Haya," akasema, "maadamu unatoka, mpelekee baba yako chakula dukani."

Maadamu unatoka! Ningepewa ruhusa ya kufuta maneno mawili katika Kiswahili chote, ningefuta hayo. Nilifika kwenye duka la baba la vitambaa na hotipoti mkononi, mkokoteni umenipitia kwenye kidole, na mpagazi kanipiga kikumbo kwanza ndipo akasema "Pisha mzigo!" Baba akafurahi kuniona. Maadamu nimekuja, nimpelekee fundi cherehani jora la kitambaa. Fundi naye alikuwa na madera yaliyokwisha kushonwa, na maadamu narudi nyumbani, niyapitishe kwa mteja wa ghorofa ya kwanza ya jengo letu. Nikapanda ngazi nimebeba furushi, jasho linanitiririka, na ile akili iliyotakiwa ipoe inachemka.

Mwalimu alikuwa amenishauri pia nizungumze na mtu mmoja ninayemwamini. Nikamchagua shangazi. Kabla ya magharibi, muuza nazi wa chini ya jengo letu alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu, kumbe unaogopa karatasi?" Sijui shangazi alitumia njia gani, lakini jengo zima lilikuwa na habari, na jengo zima lilikuwa na dawa. Nikaletewa mafuta ya habasoda. Nikafukizwa ubani mpaka nikakohoa. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alinisimamisha kwenye ngazi akanisomea dua, akanipulizia usoni, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Na kupumua? Mwalimu alinifundisha nifumbe macho, nivute hewa taratibu kwa pua, niitoe polepole kuliko nilivyoivuta. Nikalala kitandani, nikafumba macho. Mkono wa mama ukatua kwenye paji la uso wangu.

"Unaumwa? Mbona unahema hivyo?"

"Napumua, mama."

"Kwani siku zote ulikuwa unafanyaje?"

Nilirudi kwa mwalimu nikamwaga malalamiko yote. Alinisikiliza, akachukua kifutio mezani kwake, akaniwekea kiganjani. "Pumzi ikigoma, shika kitu," akasema. "Kibonyeze. Kihisi kilivyo. Halafu anza kwa kutoa hewa, si kwa kuivuta." Nilikitia mfukoni bila imani yoyote.

Niliendelea kutoka kila jioni, na kila jioni nilitumwa. Mara nyingi ni ndimu, na ndimu za mama hazikuwa jambo dogo. Nikileta kavu, ananirudisha. "Unaziokota tu? Bonyeza! Yenye maji inakubali kidole, halafu inarudi." Nikawa nasimama mbele ya muuzaji nabonyeza moja baada ya nyingine, naye ananung'unika kwamba namharibia biashara. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yangu ya kupoza akili.

Asubuhi ya Hesabu niliomba kitu kimoja. Nikawaambia wote wawili mezani: leo nisiambiwe kitu. Nisiambiwe nisiogope, nisisomewe kwenye ngazi, nisitumwe. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama akanywa chai yake. Nikashuka nikimshukuru Mungu, nikavuka barabara katikati ya wamachinga waliokuwa wanatandika bidhaa zao, na hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye roshani yetu ya ghorofa ya pili, ikavipita vipaza sauti vyote vya mtaa.

"Weee! Ukitoka hukooo, pitia ndimu! Na uzibonyeze!"

Muuza soksi akageuka. "Sista, unaitwa. Anasema ndimu."

"Nimesikia!"

Nilitembea mpaka shuleni Upanga nimevimba kwa hasira. Ombi moja, siku moja, na bado!

Karatasi ikageuzwa. Moyo ukaanza, vidole vikaanza, pumzi ikasimama palepale ilipozoea kusimama. Nikatazama mlango. Ulikuwa wazi, na haukuwa mbali. Nikajiona natoka, nafika sokoni jua bado la asubuhi, napanda ngazi na ndimu saa ambayo mama hazitarajii. Nikaona uso wake. Alikuwa amesema "ukitoka" kama anavyomwambia baba akitoka dukani, kazi ikishakwisha. Hakuwa na wasiwasi wowote kuhusu lini. Hilo lilinitia hasira upya, na mfukoni kidole gumba kikaingia kwenye kifutio cha mwalimu. Kikabonyea, kikarudi. Nikatoa hewa. Kikabonyea, kikarudi. Nikatoa tena, na safari hii hewa iliyoingia ilishuka mpaka tumboni.

Swali la kwanza nililifanya nikiwa nimemkasirikia mama kabisa. La pili nikiwa nimemkasirikia kidogo. Wasimamizi walipokusanya karatasi, nilikuwa bado nimekaa.

Nilizibonyeza ndimu zote, nikazipeleka nyumbani. Mama hakuniuliza habari za mtihani. Aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akarudi kukuna nazi. Nikafungua friji kuziweka. Kulikuwa na bakuli la ndimu, limejaa, mbichi, zote nzuri.

"Mama! Ndimu si zipo?"

"Zipo," akasema bila kugeuka. "Sasa ningekutuma nini?"

Nilisimama na mlango wa friji wazi mpaka akanigombeza kwamba nammalizia umeme. Mtihani uliofuata ulikuwa Fizikia. Nilipofika tena kwa muuza soksi, sauti ikashuka kutoka juu ikitaka tangawizi, na isiwe ile ya nyuzinyuzi. Sikurudi kuangalia kama ipo.