Sweta ya Bega la Kushoto

Mbaabu alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule Timau, bega lake la kushoto likateguka, na aliyelirudisha akalirudisha vibaya. Tangu hapo mkono ule uliweza kubeba ndoo na kushika kikombe, lakini haukupanda tena kupita kifua. Alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye shamba la mzungu, upande ule wa Mlima Kenya ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Tajiri wake alimpa sweta kuukuu. Mbaabu akashukuru, akaitundika ukutani, ikabaki huko, kwa sababu kuivaa kulihitaji mtu wa kumvalisha kama mtoto mchanga, naye aliishi peke yake.

Habari hizo zilimfikia mkewe, Kiende, kupitia kwa Ahmednoor, dereva wa lori aliyebeba ngozi kutoka Timau hadi Meru mjini, na ambaye siku za soko hupitia Githongo, alikoishi Kiende.

"Anashinda amejifunika blanketi," Ahmednoor alimwambia. "Akikimbiza kondoo, blanketi linaanguka. Akiinama kuliokota, kondoo wameshaingia kwenye ngano. Anacheka, mama, lakini meno yanagongana."

Wakati huo nchi ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu wa Githongo walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kukusanywa kijijini ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni, nyumba zikiwa karibu karibu hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani mwako. Kijiji kilizungukwa na handaki lililosimikwa miti iliyochongwa, kikawa na lango moja, na langoni kulikuwa na homgadi, askari wa kienyeji waliowekwa na serikali. Pasi ya kwenda Timau Kiende aliiomba, akanyimwa. Akaiomba tena, akaambiwa asiwachoshe watu.

Basi akaamua kwamba kama yeye hawezi kufika, kazi ya mikono yake itafika.

Kufuma alikuwa amejifunza kwa Beth, mwalimu kutoka Embu aliyefundisha kikundi cha akina mama alasiri, baada ya kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Sindano zao zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Walifuma kofia za watoto kwa uzi wa kugawiwa, na uzi wenyewe haukuwahi kutosha hata soksi za mtu mzima. Kiende akamtuma Ahmednoor: amwambie Mbaabu aokote manyoya ambayo kondoo huacha kwenye seng'enge. Mbaabu alimwomba tajiri ruhusa, tajiri akashangaa kwamba kuna mtu anayataka. Baada ya muda lori likaleta gunia lililonuka beberu, likiwa limejaa sufu, nyeupe kwa nyeusi, na miiba tele.

Kiende aliosha sufu ile mtoni mpaka vidole vikakunjamana. Akaichambua, akaitoa miiba, akajaribu kuisokota pajani kama wanawake wanavyosokota kamba za vikapu. Ikakatika. Akajaribu tena kwa kijiti alichokitia kizito cha udongo mwishoni, kijiti kikazunguka kikining'inia, na uzi ukaanza kushuka, mnene hapa, mwembamba pale, lakini uzi. Nyeupe aliiona itachafuka siku ya kwanza. Akaichanganya na nyeusi, akapata kijivu cha mawingu ya mvua, na nyeusi kidogo akaiweka kando kwa ajili ya mstari kifuani. Mstari haukuwa na kazi yoyote. Alitaka tu mumewe apendeze.

Shida ilikuwa bega. Usiku na mchana alilifikiria. Sweta huingilia kichwani, na ili iingie kichwani lazima mikono ipande. Alichora kwa mkaa sakafuni, akafuta kwa mguu, akachora tena. Jibu lilimjia akiwa kwenye foleni ya maji. Mbele yake alisimama bibi kizee aliyejitanda shuka, amepitisha chini ya kwapa moja na kufunga fundo juu ya bega la pili. Bibi alilifungua fundo, akajifunika upya, akalifunga, na mkono wake haukuinuka hata kidogo. Kiende aliacha mtungi wake pale pale, akakimbia hadi kwa Beth.

"Mwalimu, nikiacha upande wa kushoto wazi? Wote, begani na ubavuni?"

"Na mkono wa kushoto utashikamana na nini?"

"Na mgongo peke yake. Atajizungushia kama shuka, aingize mkono, kisha alete kifua mbele na kufunga vifungo."

Beth alifumba macho akiivaa ile sweta akilini mwake. Kisha akaenda kwenye sanduku lake, akatoa koti la zamani, akaanza kukata vifungo.

Vipimo Kiende alivitoa kwenye shati ambalo Mbaabu aliliacha nyumbani, na vingine kwenye kumbukumbu. Alijua mikono ya mumewe ni mirefu kuliko mikono ya mashati yote. Alijua kwamba bega lile sasa limeshuka, kwa sababu Ahmednoor alimwonyesha kwa kujipinda yeye mwenyewe katikati ya soko, watu wakacheka. Alifuma mlangoni, akafumua, akafuma. Kazi ilipokwisha aliikunja sweta vizuri, akaitia kwenye kikapu, akaenda nayo langoni siku ya soko ili ampe Ahmednoor.

Mwirigi, mkubwa wa homgadi, akaitoa kikapuni kwa fimbo.

"Sweta nzito namna hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Yuko Timau."

"Au ni ya watu wa msituni? Huko juu kuna baridi pia."

Kwa neno hilo wanawake waliokuwa nyuma ya Kiende walirudi hatua. Watu walikuwa wamefungwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini sweta ile ilikuwa imemgharimu Kiende mno kuiacha bila kuitetea.

"Ivae," akamwambia.

"Nini?"

"Ivae, mzee. Ikikutosha wewe au homgadi yeyote hapa, unifunge."

Mwirigi hakujua kama ametukanwa au amealikwa. Alimpa mmoja wa vijana wake, Njuki, aijaribu. Njuki aliingiza kichwa kwenye tundu la mkono. Alipofanikiwa kuivaa, bega la kushoto lilimning'inia kama sikio la mbuzi, na mikono ilimfunika vidole. Mtu akacheka kwa nyuma, halafu mwingine. Hata Mwirigi alilazimika kugeuza uso.

"Itakaa hapa," akasema. "Mwenyewe aje. Nitaandika apewe ruhusa. Asipoingia humo sawasawa, tutaonana."

Hivyo ndivyo Mbaabu alivyopata ruhusa ya kusafiri ambayo Kiende alikuwa amenyimwa. Alishuka kwenye lori la Ahmednoor akiwa amekonda, blanketi mabegani, akapelekwa moja kwa moja langoni bila kuelezwa lolote. Kiende alimkuta huko. Hawakukumbatiana mbele za watu. Alimpa sweta tu, akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Runji, jizungushie kama shuka."

Mbaabu aliigeuza, akaitazama, akaona njia. Mkono wa kulia ukaingia. Akajizungushia. Ule wa kushoto ukateleza ndani bila kupanda, na vidole vya kulia vikafunga vifungo kimoja kimoja, begani, kisha ubavuni. Mshono ulilala juu ya bega lililoshuka kama vile ulikulia hapo. Alisimama wima. Akajipapasa kifuani, kwenye ule mstari mweusi.

"Nimevaa mwenyewe," alisema, kama mtu anayetoa taarifa.

"Tumeona," Mwirigi alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamuuliza Kiende kama anaweza kumfumia moja, ya kawaida, yenye mabega mawili. Kiende alimwambia alete sufu yake.

Wiki ile Mbaabu aliishi ndani ya sweta. Alikula nayo karibu na moto mpaka jasho likamtoka, na Kiende alipomwambia aivue alijifanya hasikii. Alimweleza mkewe habari za kondoo, majina aliyowapa, na yule dume mkaidi aliyekuwa akiacha sufu nyingi kuliko wengine. Sehemu kubwa ya kifua cha sweta, alisema, ni sufu ya dume huyo.

Hali ya hatari ilipokwisha walirudi shambani kwao, wakapanda kahawa. Mikono ya sweta ile ilichakaa viwikoni, Kiende akaifuma upya, ikaisha tena. Mbaabu hakukubali kununuliwa nyingine, ingawa watoto wao walipoanza kazi walimletea za dukani, za rangi nzuri. Alishukuru kwa zote, akawagawia majirani.