Kopo la Chai ya Jina Kubwa

Mama mkwe wa binti yangu, anayekaa Misungwi, alijisifu kwamba hanywi chai ila ile ya jina kubwa. Siku aliyonitembelea Ilemela nilikuwa na majani ya supamaketi tu, yenye jina la duka lenyewe. Nikaona aibu. Nikayamimina kwenye kopo tupu la jina kubwa, nikaliweka mezani alione.

Akanywa vikombe vitatu. "Mkwe, hii ndiyo chai! Siyo yale mavumbi ya supamaketi."

"Ongeza, mkwe wangu," nikasema, macho nimeyainamisha.

Akaniachia zawadi: kopo kama langu, limejaa. Alipoondoka nikalifungua. Juu ya majani kulikuwa na kipande cha pakiti, kina jina la supamaketi ileile.

Sijamwambia. Akija tena, nitampikia ya kwake.