Kicheko Kilichofunika Mlio wa Projekta

Siku ya kwanza kazini, Mzee Otieno alininyima kiti. Yeye ndiye aliyekuwa mwendesha projekta mkuu katika ukumbi mdogo wa sinema hapa Minneapolis. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na sikukubali jambo bila kuuliza sababu. Nikamuuliza.

"Aliyekaa hutazama filamu," alisema. "Sisi tunasikiliza mashine, profesa."

Niliona ni ushirikina tu, hadi mama mmoja mzee wa mji wa Anoka alipotuletea filamu ya vichekesho ya Denmaki, ya zamani, isiyo na sauti. Hatukumjua yeyote aliyewahi kusikia habari zake. Baba yake aliigiza humo kama tarishi anayemficha nguruwe nyumbani kwa mchungaji. Hakuwa na nakala nyingine, wala picha nyingine ya baba yake akitembea.

Tulipofungua kopo, ukanda ulinuka siki. Ukanda wa namna hiyo umeanza kuoza: hunywea, matundu ya pembeni yakakataa kukaa kwenye meno ya mashine. Ukikwama mbele ya taa, unayeyuka. Nilishauri ukanakiliwe kwanza. Mama akajibu kwamba macho yake yanazidi kufifia na hawezi kungoja.

Alasiri ya Jumamosi tuliionyesha, nami nilisimama kando ya projekta, kidole kwenye swichi ya taa, tayari kuizima ukanda ukikwama. Nilitupia skrini jicho mara moja tu. Tarishi alikuwa amemvika nguruwe kofia ya mke wa mchungaji, na mchungaji, asiyeona vizuri, akamvutia kiti kwa heshima zote. Filamu ile haikumdhalilisha mtu, hata nguruwe. Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikashtuka: mlio wa mashine ulikuwa umefunikwa.

"Mzee, siisikii."

"Weka mkono."

Nikabandika kiganja ubavuni mwa projekta. Mtetemo ukasita. Nikakaza kidole. Ukarudi. Kule chini walizidi kucheka, na kila kicheko nilikichukia.

Baadaye mama alipanda ngazi, macho yamelowa, akauliza kama nasi tulicheka. Mzee akamwambia tutacheka ukanda ukirudi koponi. Mzee alipolifunga kopo, akacheka kweli, akacheka hadi akavuta kiti akakaa.

Mzee amestaafu, na ukumbini sasa ni kompyuta tupu. Mimi niko ofisini Eagan, mji wa jirani, bado nauliza maswali mengi. Lakini wenzangu wakicheka sana, huwa naweka kiganja juu ya meza, kana kwamba natafuta mtetemo.