Nilivyowafundisha Watu wa Ujiji Idi Yao

Mimi ni afisa utamaduni, Mkristo wa kutoka Mbeya, na kudharau ujinga wa wenzangu ndiyo starehe yangu. Ofisini nimeshawasema sana: Sabasaba kwenu ni maonesho tu, Mei Mosi ni fulana ya bure, mkiulizwa asili yake mnakodoa macho kama dagaa walioanikwa ufukweni Kibirizi.

Juzi, siku ya Idi, Mama Hadija, mwenye nyumba wangu hapa Ujiji, alinialika. Asubuhi niliwasaidia wanawe kumshika mbuzi miguu wakati anachinjwa. Mchana, ukoo mzima ukiwa umezunguka sinia za pilau, nikaombwa niseme neno. Nikasimama, nikakohoa kisomi.

"Wengi wenu mnaijua Idi kwa pilau tu," nikawaambia. "Asili yake mmeisahau! Leo tunashangilia kumaliza mfungo wa Ramadhani. Hongereni kwa kuvumilia njaa!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Hadija aliuweka chini mfupa aliokuwa akiuguguna.

"Mwanangu, mfungo tulimaliza zamani, na Idi yake ulikuja kula hapa hapa. Leo ni Idi ya kuchinja. Yule mbuzi uliyemshika miguu asubuhi, ulidhani tunampima uzito?"